Mafuriko ya Kilombero na Deni la Mkulima: Nini Hukumu ya Sheria?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mkazi wa Ifakara hana haja ya kuelezwa mafuriko ni kitu gani. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mito mingi inayoshuka kutoka huko hukutana bondeni. Mto Kilombero wenyewe unapoungana na Luwegu ndipo unapozaliwa mto Rufiji. Maji hayo ni neema, kwani ndiyo yanayorutubisha ardhi na kuustawisha mpunga. Wandamba wa zamani walijua kuishi nayo, wakajenga madungu yaliyoinuliwa juu ya miti.

Lakini iko miaka ambayo maji hupita kiasi. Katika masika ya 2024 mito ya bonde hili ilifurika, mto Lumemo ukaingia katika makazi ya Ifakara, na mashamba yakazama. Mnamo tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 wamefariki nchini kwa mvua na mafuriko, na zaidi ya watu 200,000 wameathirika. Siku tisa baadaye, tarehe 4 Mei, Kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na Mafia.

Siku za msiba kama huo kheri za watu huonekana. Jirani humpokea jirani, chungu kimoja hulisha nyumba tatu. Hata hivyo, maji yanapokauka kuna kitu ambacho hayakukichukua, nacho ni deni. Mkulima aliyekopa mbegu, au aliyepokea fedha za mpunga kabla ya kuvuna, anarudi kwenye matope akiwa hana gunia hata moja, na anayemdai yuko mlangoni. Suala hili tumeulizwa mara nyingi, nasi tumeona tulieleze hapa kwa kadiri Allah atakavyotuwezesha.

Aliyepatwa na janga ana haki

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba msaada kwa aliyepatwa na janga si hisani tupu. Katika Hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (r.a.), aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa kuomba hakumhalalikii ila mmoja wa watu watatu: aliyebeba dhamana ya kusuluhisha watu, aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake, na aliyefikwa na ufukara. Huyu wa tatu alishurutishiwa watu watatu wenye akili katika jamaa zake wamshuhudie. Wa pili hakushurutishiwa. Baadhi ya wanavyuoni wameeleza sababu yake: ufukara hufichika, lakini janga ni jambo la dhahiri linaloonwa na kila mtu. Basi tusimsimamishe mtu wa mafuriko jua zima akitafuta barua ya kuthibitisha kwamba nyumba yake imeanguka, na ilhali sisi wenyewe tumeiona imeanguka.

Jambo la pili ni zaka. Katika Suratut-Tawba, aya ya 60, Allah (s.w.) ametaja mafungu manane ya wanaostahiki, na mojawapo ni wenye madeni. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas (r.a.), alipowafasiri hao aliwataja watu watatu, na wa kwanza wao ni yule ambaye mali yake imechukuliwa na mafuriko. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akitoa zaka mwaka jana anaweza mwaka huu kuwa miongoni mwa wanaopewa, wala hakuna aibu ndani yake.

Fedha za mpunga uliozama

Sasa tulitazame deni lenyewe. Wafanyabiashara wengi humpa mkulima fedha mpunga ungali shambani, kisha huja kuchukua magunia wakati wa mavuno. Muamala huu una sura tatu, na hukumu zake hazifanani.

Kwanza, ikiwa fedha ile ni mkopo, na sharti ni kulipa magunia yenye thamani kubwa kuliko fedha iliyotolewa, ziada hiyo ni riba. Mdai hana haki ila katika rasilimali yake, kama inavyobainisha Suratul-Baqara, aya ya 279.

Pili, ikiwa amenunua mpunga wa shamba maalumu kabla haujakomaa, na haukukatwa, bei hiyo haisihi. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza nafaka kabla suke halijakomaa na kusalimika na maafa. Hapa pia kinachorudi ni fedha iliyotolewa tu.

Tatu, ikiwa ni salam sahihi, yaani fedha zote zimelipwa papo hapo, na aina ya mpunga, kipimo na muda vimejulikana, bila kuufunga kwenye shamba fulani, basi deni liko katika dhima ya mkulima. Ikiwa muda umefika na mpunga hakuna, mnunuzi ana hiari: asubiri mpaka upatikane, au avunje mkataba arejeshewe alichotoa. Kuongeza magunia kwa sababu ya kuchelewa haijuzu.

Katika sura zote tatu, mdaiwa akiwa hana kitu, aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inamwajibisha mdai kumpa muda mpaka apate wasaa, na inaeleza kuwa kusamehe ni bora zaidi. Kumpa muda si ombi la mkulima kwa tajiri. Ni amri ya Allah.

Mfano kutoka Madina

Msomaji anaweza kuuliza: je, Mtume (s.a.w.) alipata kukutana na jambo kama hili? Naam. Abu Said al-Khudri (r.a.) amesimulia, katika Hadithi iliyomo kwa Imamu Muslim, kuwa mtu mmoja alipatwa na maafa katika matunda aliyoyanunua, madeni yake yakawa mengi. Mtume (s.a.w.) akawaamuru watu wamtolee sadaka. Wakatoa, lakini haikutosha kulipa deni lote. Ndipo akawaambia waliokuwa wakimdai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho.

Tuuzingatie mpango huu. Jamii ilichanga kwanza, haikumwachia mdai mzigo wote. Kisha wadai nao wakatakiwa kupunguza, hawakuachiwa wamkamue mtu asiye na kitu.

Ni kweli kwamba maulamaa wamekhitalifiana juu ya matunda yaliyouzwa baada ya kukomaa kisha yakapatwa na maafa. Imamu Ahmad na Imamu Malik wamewajibisha muuzaji kupunguza bei, na Malik akaweka kiasi cha theluthi. Imamu Shafii, katika kauli yake mpya, ameona kupunguza ni jambo linalopendekezwa. Lakini hakuna miongoni mwao aliyeruhusu mdaiwa asiye na kitu abanwe.

Lipo kosa moja la kutahadhari nalo. Baadhi ya wafanyabiashara husema: nimemsamehe fulani deni lake, basi hiyo ndiyo zaka yangu. Kwa kauli sahihi katika madhehebu ya Shafii, hilo halitoshi, kwa kuwa zaka lazima itolewe mkononi mwa anayestahiki. Anachoweza kufanya ni kumpa zaka yake bila sharti. Mdaiwa akipenda mwenyewe kumlipa kwa fedha hiyo, hapana ubaya.

Funzo la Unguja

Historia ya pwani yetu inaonesha deni baada ya dhoruba linavyoweza kudumu kuliko dhoruba yenyewe. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baadaye ikaipita Unguja kwa karafuu. Mkarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri. Katika miongo iliyofuata wenye mashamba wengi walikuwa na madeni, na mashamba yao yamewekwa rahani au yameuzwa kwa bei khiyari, ambayo mara nyingi ilikuwa mkopo uliovishwa joho la biashara. Tusiyarudie hayo Kilombero. Mpunga ni wa miezi michache tu, lakini shamba lililokwenda kwa deni huenda lisirudi tena.

Jirani asiyekuwa Muislamu

Ifakara ni mji wa watu wa dini mbalimbali, na maji hayachagui nyumba. Zaka ya fardhi, kwa madhehebu yetu, hupewa Waislamu. Ama sadaka, chakula, nguo na hifadhi, jirani yeyote hupewa, na Suratul-Mumtahina, aya ya 8, haikatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita. Mtume (s.a.w.) aliwapokea wajumbe wa Thaqif msikitini kabla hawajasilimu. Basi asiye na paa usiku wa mafuriko asifukuzwe kwenye baraza la msikiti.

Wito kwa maimamu

Tunawausia maimamu wa bonde hili mambo matatu. Mvua zinapoanza, waandike majina ya wajane, wazee na wagonjwa wa mtaa, ili wajulikane kabla maji hayajafika. Baada ya mafuriko, wasiishie kugawa unga na mablanketi. Waulize pia, kwa siri na kwa heshima, nani anadaiwa na nani anamdai, kisha wawakalishe pande zote mbili kama ilivyofanyika Madina. Na kabla ya msimu wa kulima, wafundishe msikitini namna salam sahihi inavyofungwa, kwani mkataba ulioharibika tangu mwanzo huzaa ugomvi wakati wa msiba.

Al-Ash'ariyyun, watu wa kabila la Abu Musa (r.a.), walikuwa chakula kikiwapungukia hukikusanya chote juu ya nguo moja, wakagawana sawasawa. Mtume (s.a.w.) akasema kuwa hao ni katika yeye, naye ni katika wao. Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe kama wao.

Wallahu a'lam.