Je, Wajua? Studio ya Video Yaweza Kuanzia Banissa

Unataka kurusha mtandaoni video za ngamia, mapishi au masomo ya hesabu ukiwa Banissa, Kaunti ya Mandera? Sehemu kubwa ya studio unayo tayari. Soma maajabu haya manane uone.

Kamera ilianza kama chumba chenye giza
Miaka 1,000 hivi iliyopita, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanyia kazi Cairo, alipanga taa nje ya chumba chenye giza na kuacha mwanga upenye tundu dogo. Kila taa ilitoa doa lake ukutani. Akifunika moja, doa lake tu ndilo lililotoweka. Simu yako bado inafuata kanuni hiyo, ndiyo maana wapiga picha hodari hutafuta mwanga kwanza, kamera baadaye.

Video ya kwanza ya YouTube ilikuwa ya sekunde 19
Tarehe 23 Aprili 2005, mmoja wa waanzilishi wa YouTube, Jawed Karim, alipakia video ya kwanza kabisa: amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, akisifu mikonga yao mirefu. Hakukuwa na muziki wala taa za studio. Simu ya kawaida leo inapiga picha safi kuliko ile, na ngamia wanaokunywa maji kisimani ni mandhari ya kutosha kabisa!

Mwanga wa dhahabu hudumu dakika 25 tu
Banissa iko nyuzi 4 hivi kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu wima. Likibaki nyuzi 6 juu ya upeo wa macho, una kama dakika 25 za mwanga huo kabla halijatoweka. London mwezi Juni, mwendo huo huchukua karibu mara mbili. Stendi, betri na maneno yako yawe tayari mapema, umalize kupiga kabla ya adhana ya Magharibi.

Nusu ya umbali, mara 4 ya nguvu
Sogeza maiki kutoka mita 1 hadi nusu mita mbele ya mdomo, na nguvu ya sauti yako inayoifikia huongezeka mara 4. Chumba nacho kina lake: mabati hurudisha mwangwi, ilhali nyumba ya wafugaji ya fito na mikeka huumeza. Wenye studio mijini hununua sponji za ukutani kutafuta utulivu ambao mikeka hiyo inautoa bure.

Simu nayo huelemewa na joto
Apple inashauri iPhone itumike mahali penye nyuzi joto 0 hadi 35. Mandera, joto la mchana huvuka kiwango hicho mara kwa mara! Hapo ndipo skrini hufifia na chaji hukataa kuingia. Rekodi kivulini, vua kava, na usichaji huku ukirekodi.

Stendi hupunguza uzito wa video
Programu ya kubana video haihifadhi kila picha nzima. Huhifadhi moja, kisha inaandika kilichobadilika tu. Ni kama mchungaji anayelijua kundi lake: jioni hataji ngamia wote, hutaja aliyepotea na aliyezaa. Mkono ukitetemeka, kila kitu huonekana kimehama, na kwa ubora ule ule faili huwa nzito zaidi. Stendi moja hukupa picha tulivu na kukuokolea bando.

Satelaiti yaweza kuwa karibu kuliko Nairobi
Satelaiti za Starlink, huduma ya intaneti iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, huzunguka takriban kilomita 550 au pungufu juu ya ardhi. Kutoka Banissa hadi Nairobi, hata kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 700! Lakini popote unapopata mtandao, piga hesabu kabla ya kupakia. Video ya dakika 10 ya ubora wa 1080p, kwa kiwango ambacho YouTube hupendekeza, hufikia MB 600 hivi. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni dakika 40. Ishushe hadi 720p, ibaki MB 375, na dakika 25 zinatosha. Hariri mchana, pakia usiku wengine wakiwa wamelala.

Saa 4,000 si mlima
Njia moja ya kuanza kugawana mapato ya matangazo na YouTube ni kuwa na wafuasi 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hizo ni zaidi ya siku 166 mfululizo, usiku na mchana! Sasa zigawe: watu 1,000 wakikutazama dakika 5 kila wiki, kwa wiki 48 saa 4,000 zimetimia. Na shilingi zikianza kuingia, kumbuka ushuru wa asilimia 5 uliowekwa kwa wakazi wa Kenya mwaka 2023 juu ya mapato ya maudhui ya kidijitali. Basi panga siku moja ya kupiga, moja ya kuhariri, moja ya kupakia, na wiki ijayo uanze tena.