Jalidi ya Kericho: Jani Likiungua, Ujira Nao Huungua

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tukisikia habari za barafu hufikiri Ulaya, au kilele cha Kilimanjaro. Lakini kwa jirani zetu wa Kenya, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, yapo mashamba ya chai ambayo asubuhi za Januari na Februari huweza kuamka meupe kama yaliyonyunyiziwa unga. Weupe huo ni jalidi, ambayo wengine huiita sakitu. Jua likipanda weupe hutoweka, na baada ya siku chache majani hugeuka kahawia na kukauka mithili ya yaliyopitiwa na moto.

Kericho iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi usiku hauna mawingu wala upepo, na hewa ni kavu. Joto ambalo ardhi ililipata mchana hupaa na kupotea, kwa kuwa hakuna blanketi la mawingu la kulizuia. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka kama maji na kutuama mabondeni. Ndiyo maana shamba la bondeni huungua na la mlimani likasalimika. Maji yaliyomo ndani ya jani huganda, na chembe zake hupasuka.

Mti wa chai uliokomaa kwa kawaida haufi, kwani mizizi yake imekwenda chini. Lakini huchukua majuma mengi, pengine miezi miwili au mitatu, kabla ya kutoa tena majani mawili na chipukizi. Miche ya kitalu hufa. Viazi na mahindi ya wakulima wadogo huharibika, na malisho ya ng'ombe hukauka.

Mwezi Januari 2012 jalidi ilipiga sehemu za Kericho na Nandi, tena wakati wa ukame. Kenya ilikuwa imetoa karibu kilo milioni 378 za chai mwaka 2011. Mwaka 2012 zilishuka hadi karibu milioni 369.

Tofauti hiyo katika hesabu za taifa huonekana ndogo. Lakini mchumaji hulipwa kwa kilo. Akienda shambani akakuta jani limeungua, kapu lake ni tupu na ujira wake ni mtupu. Kibarua wa msimu ndiye wa kwanza kuambiwa arudi nyumbani. Kiwandani nako, majani mabichi yakikosekana, mashine husimama na zamu hupunguzwa. Hapo ndipo suala la jalidi linapokuwa suala la chama cha wafanyakazi.

Wapo watakaosema kuwa hasara ya jirani ni faida yetu, maana chai ikipungua sokoni bei hupanda. Tukumbuke mwaka 1975. Mwezi Julai mwaka huo jalidi iliteketeza mibuni ya Paraná, nchini Brazili, na kufikia mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda mno. Nchi zetu za Afrika Mashariki zilipata fedha nyingi. Lakini bei haikukaa juu, ilianguka tena. Neema iliyoletwa na msiba wa mfanyakazi mwingine si msingi wa kujengea maisha.

Yapo ya kufanya. Miche ifunikwe usiku. Mistari ya miti iachiwe nafasi upande wa bondeni, ili hewa baridi ipite isituame. Sehemu zinazojulikana kwa jalidi zisipandwe chai mpya.

Na yapo ya kudai. Tunasema mikataba ya hali bora iseme wazi: jani likiungua, mchumaji apewe kazi nyingine, kama kupogoa au kutunza vitalu, na alipwe kwa siku wala si kwa kilo. Mfanyakazi hakuileta baridi. Hawezi kuachiwa yeye peke yake kuilipia.

Wenzetu wa Njombe na Makete wanaijua baridi ya Juni na Julai. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tuyazungumze haya matawini sasa, kabla ya asubuhi nyeupe kufika.