Kamusi Kuukuu kwa Mwandishi wa Ibanda

Wengi tunaoandika Kiswahili hapa Ibanda, Bukavu, tulisomeshwa kwa Kifaransa, na sentensi zetu hutuumbua. Chukua hii, ya aina tunayoizoea kila msimu wa mvua: “Mvua imesababisha kuanguka kwa kuta huko Panzi.” Sarufi haina kosa. Ila maneno matatu yamebebeshwa kazi ya kitenzi kimoja.

Hapo ndipo kamusi za zamani zinapofaa. Frederick Johnson, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ilitoka 1939, aliyaweka maneno ya ukoo mmoja karibu karibu, kwa hiyo ukitafuta moja unakutana na ndugu zake. Anza na angua: embe huanguliwa mtini, kuku huangua vifaranga, watu huangua kicheko. Humo mna anguka, anguko, na angusha. Sasa andika upya: “Mvua imeangusha kuta Panzi.” Basi.

Asiyejua Kiingereza amwendee padri Charles Sacleux, aliyefika Zanzibar mwaka 1879. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa nayo ilianza kutoka Paris 1939, na mimi ndiyo naipenda zaidi. Kamati iliyosanifisha Kiswahili tangu 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kongo haikuwamo. Sacleux hakujifunga na lahaja ya Unguja, iliyofanywa msingi wa usanifishaji huo: alikusanya lahaja nyingi, akionyesha neno ni la wapi. Mtu wa Bukavu, aliyechoka kuambiwa Kiswahili chake kibovu, atapumua kidogo.

Lakini usiende humo kuchuma mapambo. Hizo ni kamusi za pwani, zimejaa majahazi na minazi, na ukiyamwaga yote Ziwa Kivu utaonekana umeazima kanzu ya harusi. Sambaza wetu hutawakuta humo: samaki hao waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Waandike tu, bila alama za kunukuu za kuombea radhi.

Maliza kuandika kwanza, kamusi baadaye. Pigia mstari kila kusababisha, kufanya na kuweka. “Kufanya uamuzi” ni kuamua, hilo jepesi. “Kuweka wazi” ndiyo kazi: ni kueleza, kufafanua, kukiri au kufichua? Anayekiri anajishtaki, anayefichua anamshtaki mwingine, na mwandishi lazima achague. Kitenzi ambacho mama muuza sambaza wa soko la Nyawera hatakielewa, kiache kamusini.