Swichibodi Ndani ya Kompyuta

Zamani, ofisi au hospitali iliyotaka watumishi wake wapigiane simu wao kwa wao, bila ya kupitia kituo cha nje, haikuwa na budi kununua mtambo maalumu, sanduku zito lililotundikwa ukutani, ambalo siri zake zilikuwa mikononi mwa aliyelitengeneza, hata ikawa kumwongezea simu karani mmoja mpya kwahitaji fundi wa kampuni, idhini ya kampuni na ankara ya kampuni. Leo kazi ile ile yaweza kufanywa na kompyuta ya kawaida yenye mfumo wa Linux, kwa programu huria iitwayo Asterisk, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuichukua bure, kuisoma, kuibadili na kumpa mwenziwe. Na kwa anayetamani kuifahamu elimu ya simu, sijui mlango ulio bora kuliko kuisimika programu hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Dhiki ndiyo iliyoizaa. Mwaka 1999 Mark Spencer, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama, Marekani, alikuwa ameanzisha kampuni ndogo ya kuwasaidia watumiaji wa Linux, na alipotafuta swichibodi ya kupokelea simu za wateja akakuta bei haishikiki. Basi akaiandika yake kwa lugha ya C, kisha akaitoa hadharani kwa leseni huria ya GPL. Mhandisi mwingine, Jim Dixon, alikuwa amesanifu kadi ya kuunganisha laini za simu na kompyuta, naye akautoa mchoro wake bure, akiwa na yakini kwamba hesabu za sauti zilizokuwa zikifanywa na vifaa vya ghali sasa zingeweza kubebwa na prosesa ya kompyuta yenyewe. Kazi za wawili hao zikakutana, na mwaka 2004 likatoka toleo la 1.0.

Anayetaka kuisimika leo na achague kwanza toleo la kudumu, kama vile 20 au 22, lililoahidiwa marekebisho ya miaka 4 na mwaka 1 zaidi wa ulinzi. Akisha kulipakua na kulifungua, huendesha hati iitwayo install_prereq, inayoleta maktaba za programu zihitajiwazo. Halafu amri ya ./configure huikagua mashine. Make menuselect humwekea orodha achague sehemu azitakazo. Make huyageuza maandishi ya C kuwa lugha ya mashine. Na make install, itakayo mamlaka ya msimamizi, huweka kila kitu mahali pake. Aghalabu kazi hukwama kwa maktaba moja iliyokosekana, nayo hutajwa kwa jina katika ujumbe wa kosa, kwa hiyo asomaye kwa utulivu hufika upesi kuliko aanzaye upya kila mara.

Kiini cha mambo kimo katika mafaili mawili ya maandishi matupu, yaliyowekwa ndani ya /etc/asterisk. La kwanza, pjsip.conf, huziorodhesha simu, na kila simu huelezwa kwa sehemu tatu: simu yenyewe na aina za sauti inazozifahamu, jina lake na neno lake la siri, na anwani inakopatikana. La pili, extensions.conf, ndilo sheria ya nyumba. Humo, chini ya namba 101, msimamizi huandika mistari mitatu: wa kwanza waamuru simu ya karani ilie kwa sekunde 20; wa pili wasema asipopokea, mpigaji aachiwe nafasi ya kurekodi ujumbe; wa tatu wakata simu. Namba hizo hugawanywa katika makundi, na simu iliyowekwa katika kundi moja haiwezi kuzifikia namba za kundi jingine ila kwa ruhusa iliyoandikwa, hata simu ya mapokezi ikaweza kupiga ng'ambo ilhali ile ya ukumbini yaishia ndani ya jengo.

Simu inapolia, mambo mawili hupita katika njia mbili mbalimbali. Itifaki ya SIP, kwa kawaida katika mlango wa 5060, hupeleka habari za kuita, kupokea na kukata. Sauti yenyewe husafiri kwa itifaki ya RTP, katika milango ambayo faili la mfano la Asterisk huitenga kuanzia 10000 hadi 20000. Kwa kodeki kongwe ya G.711, yaani kanuni ya kuigeuza sauti kuwa namba, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, yaani biti 64,000 kwa sekunde, nazo aghalabu hufungwa katika pakiti 50. Ajuaye hayo hatashangaa pindi simu ilie, ipokewe, kisha wasisikizane: mlango wa SIP u wazi, ile ya sauti imezuiwa.

Lakini uhuru una gharama yake. Seva iliyo wazi kwenye intaneti hupelelezwa usiku na mchana na wezi, na simu namba 101 ambayo neno lake la siri ni 101 hiyo hiyo haikawii kutekwa na kutumiwa kupiga namba za ghali za nchi za mbali, na ankara ikamjia mwenye seva. Kwa hiyo maneno ya siri na yawe marefu, ukuta wa ulinzi usimamishwe tangu siku ya kwanza, na wageni wasiojulikana wasiwekwe kabisa katika kundi lenye njia ya kutokea nje. Mamlaka ya kuamua nani aongee na nani, yaliyokuwa yamefichwa ndani ya sanduku la mtu mwingine, sasa yameandikwa kwa herufi zinazosomeka; na madhali yasomeka, ni wajibu wa mwenye seva kuyasoma yote, mstari kwa mstari, kabla hajaunganisha simu ya kwanza.