Titi la bandia halipasuki angani

Msomaji, huenda umesikia kwamba mwanamke mwenye matiti ya bandia akipanda ndege, vifuko hivyo hufura na kupasuka. Kwa aliyekatwa titi kwa sababu ya kansa, kisha akatengenezewa jingine, maneno haya yatosha kumkosesha usingizi kabla ya safari.

Hebu tutazame Kipkelion na Kericho. Hata ndege ikiwa mita 11,000 juu, hewa iliyomo ndani hudumishwa kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kericho ni takriban mita 2,000. Basi mchuma chai huvuta hewa kama ya ndegeni kila asubuhi! Mwenye titi la bandia akitoka Mombasa kwa basi hadi huko, amekwisha kulijaribu. Ndani yake mna silikoni au maji ya chumvi, vitu visivyotanuka kama hewa. Ila vipo vifuko vya muda vya kutanua ngozi ambavyo hutiwa gesi. Aliye nacho asisafiri kabla ya kumwuliza daktari.

Hatari yenyewe iko miguuni. Anayerudi kutoka India mara baada ya upasuaji hukaa kitini saa nyingi, na damu yaweza kuganda. Aulize mpasuaji siku ya kusafiri, atembeetembee ndegeni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikikatika ghafla, akimbilie hospitali. Na mkoba mzito? Abebewe.