Kiungo cha Trela: Pimeni Kwanza, Nunueni Baadaye



Kisiwa cha Wasini hakina magari. Kwa hivyo kikundi cha Mkwiro kikipata trela ya kubebea samaki, mwani au matangi ya maji, lazima kiiweke ng'ambo, Shimoni, kisha kikodi pikapu yoyote itakayopatikana. Leo ni pikapu ya juu, kesho ni ya chini. Hapo ndipo kiungo cha kupandishwa na kushushwa kinapofaa.

Kiungo hiki ni nini?
Ni chuma cha nyuma ya pikapu chenye kichwa cha mviringo, ambacho kikombe cha trela hukikalia. Kile cha kawaida hakisogei. Hiki tunachosema kina bamba la matundu kadhaa: mkichomoa pini, mnakipandisha au kukishusha kichwa.

Kwa nini tujisumbue?
Trela yapaswa kulala sawa. Ikiinua pua, uzito hurudi nyuma, nayo huanza kuyumba mpaka dereva ashindwe kuizuia. Ikiinamisha pua mno, huikandamiza pikapu nyuma, na magurudumu ya mbele yanayoshika usukani huwa mepesi. Barabara ya Shimoni kwenda Kanana hupitwa na watoto wa shule. Hili si jambo la mzaha.

Tupime nini?
1. Urefu. Simamisheni trela mahali tambarare, iwekeeni matofali chini ya pua mpaka pima maji ioneshe imelala sawa. Pimeni kutoka ardhini hadi kwenye kikombe. Pimeni pia nyuma ya pikapu mnazozoea kukodi, mkikumbuka kwamba pikapu ikipakiwa hushuka kidogo.
2. Kikombe. Someni kipimo kilichopigwa juu yake. Kikombe cha milimita 50 kikivalishwa kichwa cha 48 kitaonekana kimeshika, lakini kwenye shimo la kwanza chaweza kuruka.
3. Uzito. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, bila kuhesabu tangi wala trela. Kiungo, kikombe na pikapu, kila kimoja kina kiwango chake. Fuateni kile kidogo kuliko vyote.
4. Uzito wa pua. Uwe karibu sehemu moja ya kumi ya mzigo na trela pamoja. Trela yenye kilo 500 pamoja na mzigo ikandamize pua kwa kilo 50 hivi, yaani mfuko mmoja wa simenti. Ikizidi au ikipungua, sogezeni mzigo.

Fundi akiwaambia atachomelea kiungo kwenye bampa, kataeni. Kifungwe kwa bolti kwenye chesisi. Minyororo miwili ipishane chini ya pua, ili kiungo kikiachia, trela isiende peke yake.

Andikeni vipimo hivi kwenye karatasi moja, mumpe anayekwenda dukani Ukunda au Mombasa. Mweka hazina asitoe hata shilingi kabla hajaiona karatasi hiyo.