Sauti Inayokwaruza: Sayansi ya Kanyagio la Gitaa

Katika miaka ya 1990, mtu aliyepita usiku wa sherehe katika vichochoro vya Mwananyamala, Tandale au Temeke, hakukosa kusikia mchiriku. Huo ni muziki uliochipuka katika ngoma za Wazaramo na kukua katika vitongoji vya Dar es Salaam. Juu ya mlio wa ngoma ilisikika sauti kali ya kinanda kidogo cha umeme, aghalabu Casio, iliyopitishwa katika vikuza sauti vilivyoundwa au kuundwa upya na mafundi wa mitaani, kisha ikatolewa kwa vipaza sauti vya pembe, vya aina ile itumikayo misikitini na katika magari ya matangazo. Sauti hiyo ilikwaruza. Mgeni angedhani kwamba mtambo umeharibika, lakini wenyeji waliucheza muziki huo hadi alfajiri.

Vikundi hivyo havikuwa na fedha za kununua mitambo mikubwa. Vilitumia vilivyopatikana, vikavisukuma kupita kiasi, na katika kufanya hivyo vikapata sauti ambayo mitambo safi haitoi. Mwaka 2012 kundi la Jagwa Music la Dar es Salaam lilitoa albamu iitwayo Bongo Hotheads kwa kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, na sauti ile iliyokwaruza ikasikika Ulaya kama jambo jipya.

Hapa pana swali la kisayansi. Fundi wa redio akiletewa spika inayokwaruza huiita mbovu, na huitengeneza. Mwanamuziki akiisikia sauti hiyo hiyo huweza kuiita tamu, na huitafuta. Je, wanazungumzia kitu kimoja? Jibu ni ndiyo. Na mwanafunzi wa sekondari anayejua kanuni ya Ohm anaweza kuithibitisha kwa mikono yake, kwa betri moja na vipande vichache vya redio iliyokufa.

Ajali iliyogeuka chombo

Jambo lililotokea katika vitongoji vya Dar es Salaam lilikuwa limekwisha kutokea kwingine kwa njia inayofanana. Mjini Nashville, Marekani, wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao Don't Worry, uliotolewa mwaka 1961, sehemu ya mtambo wa studio iliharibika. Gitaa la besi la Grady Martin likatoka likivuma na kukwaruza. Sauti hiyo haikufutwa, na wimbo ukapendwa. Mhandisi wa studio, Glenn Snoddy, alichunguza kasoro ile, akaunda saketi ya transista iliyoweza kuitoa kasoro hiyo kwa makusudi. Mwaka 1962 kampuni ya Gibson ilianza kuuza chombo hicho kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Kilikuwa kijisanduku cha kukanyagwa kwa mguu, chenye transista tatu na betri ndogo mbili. Mwaka 1965 Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alikitumia katika wimbo wa Satisfaction, na tangu hapo kanyagio la gitaa likaenea ulimwenguni.

Tofauti ya hadithi hizi mbili ni moja. Mafundi wa mchiriku waliipata sauti na kuitunza kwa masikio na mazoea. Snoddy aliipata kwa ajali, akauliza sababu yake, kisha akaiweka katika kisanduku ambacho mtu mwingine yeyote angeweza kukiunda tena.

Wimbi likatwapo kichwa

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo huzaliwa katika waya, nao hupanda na kushuka kama uzi unavyotetemeka. Volti yake ni ndogo mno, aghalabu sehemu ya kumi ya volti moja au zaidi kidogo. Kazi ya kikuza sauti ni kuliongeza wimbi hilo bila kubadili umbo lake.

Lakini kila kikuza sauti kina kikomo. Chombo kinachotumia betri ya volti 9 hakiwezi kutoa wimbi linalopita volti 9 kutoka kilele hadi bonde. Kikisukumwa zaidi, vilele na mabonde hukatwa, na wimbi lililokuwa la mviringo huwa bapa juu na chini, mithili ya vilima vilivyosawazishwa kwa tingatinga.

Kukatwa huko hakupunguzi sauti tu, bali huzaa sauti mpya. Uzi wa tano wa gitaa, uitwao A, hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Wimbi lake likikatwa sawasawa juu na chini, huongezewa mitetemo iliyo mara tatu, mara tano na mara saba ya ule wa kwanza, yaani 330, 550, 770, na kuendelea. Likikatwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, hutokea pia mitetemo ya 220 na 440. Sikio haliisikii kila mitetemo peke yake. Husikia sauti moja iliyonenepa, yenye ukali na makali. Huo ndio mkwaruzo.

Kipaza sauti cha pembe huongeza jambo la pili. Kwa umbo lake hakiwezi kutoa sauti nzito za chini, bali hurusha kwa nguvu sauti za kati na za juu. Kwa hiyo mitetemo mipya iliyozaliwa na kukatwa kwa wimbi ndiyo inayosikika zaidi. Hivyo mtambo wa mchiriku ulifanya kazi mbili: uliyakata mawimbi, kisha ukayachuja.

Kwa nini si kila muziki unaufaa mkwaruzo

Nyuzi mbili zikipigwa kwa pamoja katika saketi inayokata mawimbi, hutokea mitetemo iliyo jumla na tofauti ya ile ya kwanza. Mitetemo ya 110 na 165 huzaa 275, ambayo ni jumla yake, na 55, ambayo ni tofauti yake. Namba zote hizi hugawanyika kwa 55, kwa hiyo masikio huzipokea kama ukoo mmoja. Lakini nyuzi nne au tano zenye uhusiano mgumu zaidi huzaa umati wa mitetemo isiyopatana, na sauti huvurugika.

Jambo hili humsaidia mwanafunzi kusikiliza kwa makini muziki wa dansi wa Tanzania. Katika bendi kama DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, gitaa la solo, gitaa la rhythm na gitaa la besi husukana, kila moja likijaza nafasi iliyoachwa na jingine. Ususi huo huhitaji kila sauti isikike wazi. Mkwaruzo mwingi ungeuziba. Kwa hiyo si kwamba mkwaruzo ni mzuri au mbaya. Ni chombo, na kila chombo kina mahali pake.

Kuunda kanyagio juu ya ubao

Jaribio lifuatalo halihitaji kuchomelea. Mwanafunzi achukue ubao mdogo na skrubu sita, azipe namba 1 hadi 6, kisha abane ncha za waya na miguu ya vipande chini ya vichwa vya skrubu.

Vifaa ni hivi: transista moja ya BC547 au 2N3904, dayodi mbili za silikoni, kama 1N4148, kapasita mbili za mikrofaradi 0.1, rezista tatu, kidhibiti sauti cha ohm 100,000, na betri ya volti 9. Vingi kati ya hivi hupatikana katika redio mbovu au katika maduka ya vipuri Kariakoo. Rezista hutambuliwa kwa rangi zake: ohm 4,700 ni manjano, zambarau, nyekundu, ohm 1,000,000 ni kahawia, nyeusi, kijani, ohm 220 ni nyekundu, nyekundu, kahawia.

Uunganishaji ni kama ifuatavyo:

1. Upande chanya wa betri uungwe kwenye skrubu 1, na upande hasi kwenye skrubu 2.
2. Mguu wa kolekta wa transista uungwe kwenye skrubu 3, wa beisi kwenye 4, na wa emita kwenye 5. Mpangilio wa miguu si mmoja kwa transista zote. Ukiutazama uso bapa, miguu ikiwa chini, BC547 huwa na kolekta kushoto, beisi katikati na emita kulia. 2N3904 ni kinyume chake.
3. Rezista ya 4,700 iwekwe kati ya 1 na 3. Ya 1,000,000 kati ya 3 na 4. Ya 220 kati ya 5 na 2.
4. Waya wa ndani wa gitaa upite katika kapasita ya kwanza hadi skrubu 4. Waya wa nje wa gitaa uungwe kwenye skrubu 2.
5. Kapasita ya pili iwekwe kati ya 3 na 6.
6. Dayodi zote mbili ziwekwe kati ya 6 na 2, moja ikielekea huku na nyingine kule.
7. Miguu ya pembeni ya kidhibiti sauti iungwe kwenye 6 na 2. Mguu wa katikati uende kwenye kikuza sauti, na waya wa nje wa kikuza sauti uungwe kwenye 2.

Transista hulikuza wimbi takriban mara 18. Uwiano huo hutokana hasa na rezista ya 4,700 ikigawanywa kwa ile ya 220 pamoja na ukinzani mdogo wa ndani ya transista yenyewe. Wimbi la volti 0.1 hukusudia kufikia volti 1.8. Hapo ndipo dayodi zinapoingia kazini. Dayodi ya silikoni hupitisha umeme upande mmoja tu, tena volti inapokaribia 0.6. Kwa kuwa mbili hizi zimeelekezwa kinyume, moja hukata kilele na nyingine hukata bonde. Mwanafunzi aking'oa dayodi moja, wimbi hukatwa zaidi upande mmoja, na sauti hubadilika. Akiweka dayodi za jemaniamu kutoka redio ya zamani, ambazo hupitisha umeme kwenye takriban volti 0.3, wimbi hukatwa mapema zaidi.

Saketi ikivuma hata gitaa lisipopigwa, sababu kubwa ni nyaya za umeme wa nyumbani, ambao hugeuka mara 50 kwa sekunde. Ubao ukitiwa ndani ya kopo la bati lililoungwa na skrubu 2, bila kugusana na skrubu nyingine, mvumo hupungua, kwa kuwa bati huzuia uwanja wa umeme usifike kwenye saketi.

Tahadhari

Kanyagio lenyewe halina hatari, kwa kuwa volti 9 haziwezi kumdhuru mtu kwa kumgusa. Hatari iko upande wa pili wa waya. Nyuzi za gitaa la umeme kwa kawaida zimeungwa na bodi ya kikuza sauti. Kwa hiyo mtu azishikaye ameungana na mtambo huo. Mtambo ukivuja umeme wa volti 230, njia yake ni mikono ya mpiga gitaa. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa kwa umeme jukwaani mjini Swansea, Wales. Hapana budi, basi, jaribio hili lifanywe kwa kikuza sauti cha betri peke yake. Kikuza sauti kinachowasha vidole kisitumiwe kamwe mpaka fundi mwenye ujuzi amekikagua.

Vilevile mwanafunzi asifungue redio au televisheni iliyochomekwa ukutani. Hata baada ya kuchomolewa, kapasita zake kubwa zaweza kuhifadhi umeme wa hatari. Nyaya za zamani zisichomwe moto ili kupata shaba, kwani moshi wake ni sumu. Atakayechomelea kwa risasi afanye hivyo mahali penye hewa, na anawe mikono kabla ya kula.

Mkono na hesabu

Katika Temeke na Kinondoni wapo mafundi wawezao kuufufua mtambo kwa kuusikiliza tu. Wengi wao hawakupata nafasi ya kujifunza kwa nini rezista fulani ikibadilishwa sauti hubadilika. Katika shule za vitongoji hivyo hivyo wapo wanafunzi wanaokokotoa mkondo wa transista bila makosa, na ambao hawajapata kuishika transista. Kila upande una nusu ya elimu. Nusu ya kwanza isipoandikwa hufa pamoja na fundi. Nusu ya pili isipotumiwa husahauliwa baada ya mtihani.

Mwalimu wa fizikia anayo nafasi ya kuziunganisha. Anaweza kumwalika fundi wa mtaa darasani, au kuwapeleka wanafunzi katika chuo cha ufundi kama kile cha VETA Chang'ombe. Wanafunzi waichore saketi ya fundi, wapime volti zake, nao wamwonyeshe hesabu yake. Ubao mmoja wenye skrubu sita watosha kuanza.

Maswali ya zoezi

1. Mwanafunzi amepima volti 4 kati ya ncha mbili za rezista ya ohm 4,700. Mkondo upitao ni miliampea ngapi? Betri yenye uwezo wa miliampea-saa 400 itadumu kwa takriban saa ngapi?

2. Uzi wa sita wa gitaa hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde. Taja mitetemo mitatu ya kwanza itakayozaliwa wimbi lake likikatwa sawasawa juu na chini.

3. Rezista ya ohm 220 ikibadilishwa kwa ya ohm 1,000, je, mkwaruzo utaongezeka au utapungua? Eleza sababu, kisha thibitisha kwa jaribio.